Siku Nilipookoa Viti vya Mahakama

Juzi nilipita mahakamani kusalimia. Binti aliyekalia meza yangu aliinuka, akanipa shikamoo ya heshima kabisa. Nikafurahi, nikamwuliza majalada hayajambo. Akacheka.

"Mama Siwema, siku hizi kila kitu kiko kwenye mfumo. Ziwa likija tena litakuta kompyuta tu."

"Na umeme ukikatika?"

"Tunasubiri urudi."

"Na mtu aliyeletwa kutoka mahabusu, naye anasubiri?"

Akajikuna kichwa kwa kalamu. Hakimu wao alikuwa mlangoni anatusikiliza. Akasema, "Mama, hayo unayotaka kumwuliza huyu, yaandike. Kuna makarani wapya wanakuja, hawajui hata kama maji yaliwahi kufika kwetu." Basi nimekaa naandika. Na kwa kuwa mmeniomba wenyewe, msinilaumu nikisema kama ninavyosema nyumbani. Kumung'unya maneno sijui, na kwa umri huu sitajifunza.

Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, upande wa ziwani hapa Kigoma, jirani na vichanja vya kuanikia dagaa. Jengo lenyewe msilitafute, halipo. Pale lilipokuwa leo wanaogelea bata. Nitawasimulia siku maji yalipotuingilia, lakini kwanza mumjue Yusta, maana habari yote hii ni yake. Mimi nimo kwa sababu nilikosea.

Yusta alikuwa mjane wa Kidahwe, mwembamba, wa maneno machache. Akikosa neno la Kiswahili huweka la Kiha na kuendelea na safari, na mimi Muha mwenzake namwelewa. Mumewe alikuwa fundi wa boti, akiishi Kasingirima kwa ajili ya kazi, na huko ndiko alikofariki. Ndiyo maana mirathi yake ilifunguliwa kwetu. Aliacha watoto wanne, nyumba ya matofali ya kuchoma kule Kidahwe, na shamba la michikichi alilolipanda mche kwa mche.

Ukoo ulikaa kikao. Ukakubaliana kwamba Yusta ndiye asimamie mirathi, wakaandika muhtasari. Waliojua kuandika walisaini kwa kalamu ya biro. Wasiojua, ambao ndio waliokuwa wazee wenyewe wenye neno, waliweka dole gumba kwa wino wa muhuri. Shemeji yake, Gervas, mdogo wa marehemu, alikuwa na darasa la saba lake, naye alisaini. Saini ndefu yenye mkia unaozunguka na kurudi tena mwanzo, saini ya mtu anayejipenda.

Michikichi ilipoanza kuzaa, Gervas akageuka. Akaleta pingamizi mahakamani: mwanamke hawezi kushika mali ya ukoo, kikao kilikosea, yeye amebadili mawazo. Sawa, kubadili mawazo ni haki ya mtu, na hakimu angeamua. Karatasi ya Yusta ilikuwa ile moja tu. Alinikabidhi mimi, mkononi, akaishika kidogo kabla ya kuiachia.

"Dada Siwema, unitunzie. Sina nyingine."

"Ondoa wasiwasi, mama," nikamwambia. "Hapa umefika serikalini."

Loo! Nikikumbuka maneno hayo masikio yananiwaka moto mpaka leo. Nilichopaswa kumwambia ni kwamba aende dukani akatoe nakala mbili, moja abaki nayo, nyingine aipeleke kwa mtu anayeishi mlimani. Sikumwambia. Nilijiona mimi ndiye ukuta wa chuma.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Bernado, karani wa zamani, mtu wa Kalinzi, kule milimani kunakolimwa kahawa. Kila asubuhi alikuja na kahawa yake mwenyewe kwenye chupa, kwa kuwa aliamini huku chini hatujui kukaanga. Mzee huyu alikuwa na tabia iliyonichosha. Kila karatasi iliyoingia kwenye jalada, hata kama ni kipande cha ukubwa wa kiganja, aliandika namba ya shauri kwenye pembe ya chini, kwa penseli. Si biro. Penseli. Jalada lenyewe lina namba kubwa juu, sasa hizi nyingine za nini?

"Siwema, karatasi ni mtoto," aliniambia. "Siku akipotea sokoni, aweze kusema kwao ni wapi."

"Na penseli je, Mzee? Si inafutika kwa kifutio?"

"Kifutio hakitembei chenyewe. Maji yanatembea." Akanywa kahawa yake.

Nilimcheka nyuma ya mgongo wake. Alipostaafu nikaendelea na penseli kwa mazoea tu, mkono ulishazoea. Wanangu, mkiniuliza ni kitu gani kimoja mchukue kutoka kwangu, chukueni penseli. Wino wa muhuri huondoka na maji, wino wa kalamu za kujaza huondoka, biro hujikaza, penseli haijui hata kama imelowa.

Sasa habari ya ziwa. Watu wa mbali hudhani maji yalitushtukiza. Thubutu! Ziwa lilikuja kwetu kama mgeni anayepiga hodi kila siku, nasi tunajibu karibu bila kuinuka. Kwanza lilifika kwenye mwarobaini. Tukasema, ah, mvua za mwaka huu. Likafika kwenye choo. Tukachimba choo kingine upande wa barabarani. Likafika kwenye ngazi. Nilichora alama kwa chaki ukutani kila Jumatatu, wadaawa wakija wanaangalia alama na kubishana itafika wapi, wengine hata wakataniana kwamba kesi zao zitaamuliwa na mamba. Tuliandika barua ya kuomba jengo lingine, barua ikapokelewa, nasi tukaona tumekwisha kujiandaa. Mtu akishaandika barua moyo wake hutulia, hilo ndilo tatizo la barua. Hakuna aliyesema: siku maji yakiingia ndani, nani anabeba nini, anapeleka wapi, anaanza na kipi.

Tena tazameni tulivyopanga masjala, chumba cha majalada. Mashauri yaliyokwisha, yaliyofungwa miaka na miaka, tuliyapanga rafu za juu, maana nani atayahitaji? Mashauri yanayoendelea tuliyaweka rafu ya chini kabisa, ili nikikaa kwenye kiti changu ninyooshe mkono tu. Yaani waliokufa juu, walio hai chini, kisa magoti ya Siwema. Na hakuna aliyeona ajabu. Wakaguzi walikuja wakaondoka wakisifu usafi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, asubuhi kweupe. Hakimu wetu, kijana mpole ambaye alikuwa na mwaka mmoja tu kituoni, alikuwa safarini Kasulu kwenye mafunzo. Pale mkubwa nilikuwa mimi. Upepo ukaanza kutoka ziwani, mawimbi yakawa yanapiga ukuta wa nyuma na kuurushia mchanga. Mara nikasikia kitu kimepasuka, nikatazama chini, maji yanaingia kwenye viatu vyangu.

Nikapiga kelele. Wavuvi waliokuwa wanavuta boti zao pembeni wakaja mbio, wanaume kama sita, wenye nguvu, wanangoja niseme neno. Na mimi, karani mzoefu, unajua nilisema nini?

"Kiti cha Mheshimiwa! Nembo! Mabenchi!"

Msicheke kwanza. Nitawaambia kwa nini. Miaka michache nyuma benchi moja la mahakama lilipotea, nadhani liliazimwa msibani likanogewa. Kila kiti, benchi na meza ya mahakama ilikuwa imeandikwa namba kwa rangi nyeupe, na namba hizo zimo kwenye orodha ya mali ya serikali. Kwa benchi lile niliandika maelezo mara tatu. Niliitwa, nikaulizwa, nikaonywa. Lakini katika miaka yangu yote ya kazi karatasi zilipotea za kutosha, na hakuna aliyewahi kuniita kuniuliza karatasi iko wapi. Kwa hiyo maji yalipoingia, mwili wangu uliogopa kile ulichokuwa umefundishwa kuogopa.

Kile kiti cha Mheshimiwa nilikibeba mwenyewe, kichwani. Kiti cha mninga, mgongo mrefu, kizito balaa. Mvuvi mmoja akasimama kwenye mlango wa masjala, maji yako magotini, akaniita.

"Mama, na haya makaratasi je?"

"Subiri wewe! Kwanza viti!"

Ndivyo nilivyomjibu, kwa ukali. Tukatoa viti vyote, mabenchi yote, meza, na lile kabati la chuma ambalo ndani yake mlikuwa na vikombe. Tuliporudi kuchukua majalada, ukuta wa nyuma ukaenda. Rafu ya chini ilikuwa imeshajaa maji, zile za juu zikainamia upande mmoja zikabaki zinaning'inia. Mashauri yaliyofungwa yote yalipona, kavu kabisa. Yanayoendelea tuliyaokota yakielea.

Nilikaa juu ya benchi, barabarani, nikalia. Pembeni yangu mali ya serikali yote imepangwa vizuri, hakuna namba hata moja iliyopotea.

Kesho yake nikaanza kuanika. Nikatandaza karatasi mchangani kwenye jua kali, moja moja, nikiwekea mawe. Kufikia saa sita zilikuwa zimejikunja na wino wa mihuri umepauka, na mbuzi wawili wa jirani walikuwa wameshakula hati ya wito na kuanza nyingine. Nikawa nakimbizana nao, huku watu wanacheka. Ndipo akaja Bi Zaituni.

Bi Zaituni alikuwa mwanika dagaa, mama wa makamo, vichanja vyake vilikuwa hatua hamsini kutoka mahakamani. Alisimama akanitazama, mikono kiunoni.

"Karani, unaanika au unachoma?"

"Bi Zaituni, niache leo."

"Sikuachi. Wallahi hata dagaa wangu siwafanyii hivi."

Akanipa vichanja vyake viwili, vile vya miti vyenye wavu juu, upepo unapita juu na chini. Akafunika kwa khanga ili jua lisipige moja kwa moja. Kitu kilicholowa, alinifundisha, hukaushwa na upepo. Jua ni la kumalizia. Kigeuzwe kabla hakijakauka upande mmoja, la sivyo kinajikunja na hakirudi. Kisirundikwe. Na kama una vingi kuliko vichanja, vinavyosubiri visiachwe vikauke ovyo, vibaki na unyevu mpaka zamu yao. Wanangu, baadaye alikuja mtaalamu wa kumbukumbu kutoka mbali, akatueleza mambo hayo hayo kwa picha ukutani. Nikamwambia, haya tulishafundishwa, mwalimu wetu yuko pale chini anauza dagaa.

Harufu? Mh! Majalada yale yalinuka dagaa mpaka nilipostaafu. Shauri moja lilipokatiwa rufaa likapelekwa juu, karani mwenzangu wa huko alinipigia simu kuniuliza tumefungia nini ndani, paka wa ofisi hataki kutoka masjala.

Lakini kukawa na jambo lingine ambalo sikulifikiria. Wakati huo mahakama za mwanzo bado zilikuwa na wazee wa baraza, wanaokaa na hakimu kusikiliza mashauri. Mmoja wao, Mzee Rajabu, alikuja kusaidia, Mungu ampe heri, ila alikuwa anasoma. Nikamwona amesimama na karatasi moja muda mrefu, haigeuzi, midomo inachezacheza. Nikasogea. Alikuwa anasoma talaka ya majirani zake.

"Mzee Rajabu!"

"Nahakikisha mpangilio, karani." Akakohoa. "Kumbe yule bwana ndivyo alivyokuwa anafanya?"

Na nyuma yake wanawake wawili wanaojua kusoma walishaanza kunong'onezana. Jasho likanitoka. Siri za nusu ya mtaa ziko juu ya vichanja vya dagaa, hadharani. Nani anampiga nani, nani alizaa nje, nani anamdai nani mahari. Watu walituambia hayo wakiamini yanabaki ndani ya kuta, na kuta zenyewe sasa zimo ziwani.

Bi Zaituni alinisoma usoni. Akasema, "Wafukuze hao wasomi wako. Mimi na wenzangu wawili herufi hatuzijui. Zile za ndoa na mirathi tupe sisi."

Ndivyo tulivyofanya. Wanawake watatu wasiojua kusoma ndio walioshika siri za mahakama yetu kwa siku nne, na hakuna neno lililotoka. Mzee Rajabu nilimpa kazi ya kulinda mbuzi. Aliifanya vizuri sana.

Siku ya tatu tulifika kwenye uvimbe mmoja. Nauita uvimbe kwa sababu karatasi zilikuwa zimegandamana zikawa kitu kimoja kama mkate uliolowa, na juu yake wino wa muhuri umetapakaa zambarau. Sikuona herufi hata moja. Nilikuwa nimechoka, nikautupa kwenye ndoo ya taka. Bi Zaituni akautoa.

"Hiki nacho?"

"Hicho kimekufa, dada."

"Hakijakauka, hakijafa." Akaufunga kwenye kipande cha khanga kilicholoweshwa, akauweka kivulini. Sikubishana naye. Nilidhani ni huruma tu.

Mahakama ilihamia kwenye darasa la shule ya msingi. Wiki mbili tulizitumia kutafuta pa kukaa, na katika wiki hizo mbili kuna mtu aliyestahili kutoka mahabusu ambaye hakutoka, kwa kuwa hatukujua tumwandikie hati tukiwa chini ya dari lipi. Hilo nalo liwekeni moyoni. Pa kukimbilia patafutwe wakati miguu bado imekauka, na mwenye pake akubali kwa maandishi. Darasani kwetu wadaawa walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni, ubaoni kuna hesabu za kugawanya. Mbele, kwenye kiti chake cha mninga nilichokiokoa, amekaa Mheshimiwa.

Alikuwa anaita mashauri yote yaliyolowa, moja moja, ili wadaawa walete walicho nacho tuunde majalada upya. Likaitwa la mirathi ya fundi boti wa Kasingirima. Yusta akasimama, na Gervas akasimama. Mheshimiwa akaeleza kwamba jalada lao lote halijaonekana, muhtasari wa kikao na pingamizi pamoja.

Gervas naye alikuwa ameshasikia. Kigoma hii habari haihitaji simu. Akaomba kusema, akala kiapo.

"Mheshimiwa, huo muhtasari hauwezi kuonekana kwa sababu haukuwepo. Ukoo haujawahi kukaa. Mimi sijasaini kitu."

Yusta hakumtazama Gervas hata kidogo. Alinitazama mimi.

"Dada Siwema," akasema, pale pale mbele ya hakimu, "si nilikupa wewe?"

Nilikuwa na kalamu mkononi, ninaandika mwenendo wa shauri. Nikainama nikaendelea kuandika. Wanangu, sijawahi kujichukia kama dakika ile. Karani hasemi mahakamani mpaka aulizwe, nilijiambia hivyo. Ni kweli, na pia nilikuwa naogopa.

Mheshimiwa akaahirisha kwa wiki moja. Alisema kama hakuna kitakachopatikana, ombi la Yusta litaanza upya na kikao kipya cha ukoo. Kila mtu mle ndani alijua maana yake. Gervas alikuwa ameshazunguka kwa ndugu, na mzee mmoja kati ya waliomtetea Yusta alikuwa amezikwa tayari. Kikao kipya kingemtoa Yusta na watoto wake wanne kwenye nyumba ile. Alitoka bila kuniaga.

Nikaenda moja kwa moja kwa Bi Zaituni, nikamkuta anageuza dagaa. Nikamwulizia ule uvimbe. Akautoa kivulini, bado umefungwa, bado una unyevu, maana khanga alikuwa anailowesha kila asubuhi. Nikaugeuza huku na huku, nikatazama pembe ya chini. Penseli. Namba ya mirathi ya Yusta, mwandiko wangu mimi, imekaa pale pale haijatikisika.

Nilitaka kuubandua hapo hapo. Bi Zaituni akanipiga mkono.

"Dagaa walioganda ukivuta unabaki na vichwa." Akaleta karai la maji safi, akauzamisha, akakaa chini. "Wewe nenda kapike. Hii si kazi ya mtu mwenye haraka."

Ilimchukua siku mbili. Aliuacha uelee, akapitisha kidole polepole palipolegea, akipata karatasi moja anaiweka juu ya khanga, anarudi kwenye dagaa wake, anakuja tena. Siku ya pili jioni aliniita. Muhtasari ulikuwa umelala kichanjani, kurasa mbili. Maandishi ya biro yanasomeka yote. Saini ya Gervas na mkia wake, safi kabisa. Ila pale walipoweka dole gumba wale wazee palikuwa na mawingu ya zambarau, mistari ya vidole haipo. Waliojua kuandika walibaki, wasiojua walifutika. Nilimweleza Bi Zaituni hivyo, na yeye, ambaye saini yake siku zote ni dole gumba, aligeuza dole lake akalitazama.

Siku ya shauri Mheshimiwa aliishika karatasi ile kwa ncha za vidole, akainusa kidogo, akaniuliza.

"Karani, kwa nini kielelezo kiko katika hali hii?"

Jibu rahisi lilikuwepo. Maji, Mheshimiwa. Nani angenilaumu? Kila mtu alijua habari ya maji. Lakini Yusta alikuwa amekaa dawati la mbele, ananitazama vile vile.

"Mheshimiwa, kililowa kwa sababu yangu," nikasema. "Watu wa kubeba walikuwepo, na muda ulikuwepo. Mimi ndiye niliyewaambia waanze na viti. Hicho ulichokalia nilikibeba mwenyewe. Karatasi hii mama huyu alinipa mkononi, nikamwambia asiwe na wasiwasi."

Mheshimiwa alitazama mkono wa kiti chake. Kisha akamwita Gervas, akamwonyesha saini.

"Hii ni ya nani?"

Gervas akaitazama. Akaigeuza. "Saini ni yangu, Mheshimiwa, ila..."

"Ila nini?"

"Ila siku hiyo nilikuwa na homa."

Darasa zima likaangua kicheko, hata askari. Lakini mimi sikucheka, maana madole yalikuwa hayapo, na Gervas akakumbuka hapo hapo kusema kwamba wale wazee wengine hawakuwepo, madoa si ushahidi. Mheshimiwa akaamuru wazee wenyewe waitwe.

Walikuja kutoka Kidahwe juu ya gari la mizigo, wanne kati ya watano, wamevaa makoti. "Mwakeye," wakanisalimu, nami nikawaitikia kwa Kiha na kuwaonyesha madawati. Kila mmoja aliulizwa, akasema alikuwepo, akasema walivyoamua. Nikawawekea wino. Mzee wa kwanza alitafuta wingu lake la zambarau, nikamsomea jina lililoandikwa pembeni, akaweka dole lake kando yake. Wa pili hivyo, wa tatu hivyo, wa nne hivyo. Pembeni ya kila dole niliandika jina kwa penseli. Wingu la tano lilibaki peke yake. Mwenyewe alikuwa kaburini. Yusta alilitazama hilo, ndipo akalia, mara ya kwanza tangu shauri lianze.

Pingamizi likatupwa. Yusta akawa msimamizi, nyumba ikabaki, michikichi ikabaki. Ila alipoteza msimu mzima akihangaika huku na huko, na hofu aliyolala nayo wiki ile hakuna mahakama inayoweza kuifidia. Nilimwomba radhi nje, kwenye kiwanja cha shule. Akaniitikia kwa kichwa tu.

Baada ya hapo Mheshimiwa alinipa onyo la maandishi, nililistahili, halafu akanipa karatasi nyeupe. "Andika mpango," akasema, "wa ukurasa mmoja, ambao hata mvuvi anaweza kuufuata." Niliuandika siku ile ile na ukabandikwa nyuma ya mlango. Ulianza na orodha ya walio mahabusu, hiyo huondoka na mtu wa kwanza kutoka. Kisha mashauri yenye tarehe za karibuni, yaliyopangwa rafu ya juu, magoti yaume yasiume. Kisha vielelezo visivyo na nakala, kisha mihuri. Funguo mbili, kwa watu wawili wanaokaa mitaa miwili. Daftari la simu za wadaawa, nyumbani kwangu nakala moja. Mstari wa mwisho niliuandika kwa herufi kubwa: VITI MWISHO. Yule binti wa mfumo namwambia abadilishe chochote anachotaka katika ukurasa ule, aweke kompyuta na vifaa vyake vyote, ila mstari huo asiuguse. Na aweke penseli kwenye droo.

Nilipostaafu, kile kiti cha mninga kilikuwa kimeshafutwa kwenye orodha ya mali, mguu mmoja umelegea. Wenzangu wakanizawadia. Nadhani walitania, lakini nilikipokea. Kipo sebuleni, namba nyeupe bado iko mgongoni. Mimi sikikalii.

Mwezi uliopita nilisikia hodi. Nikafungua, Yusta, na dumu la mawese mkononi. Miaka mingi ilikuwa imepita. Kichwa chake kimeota mvi, na mkubwa wa watoto wake ndiye anayekamua siku hizi. Nikamkaribisha, nikamwonyesha kochi. Akasimama katikati ya sebule, anakitazama kiti.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho."

Akaweka dumu chini. Akakizunguka, akagusa namba ya mgongoni, akakaa. Akajisogeza upande huu, akajisogeza upande ule, akajaribu kuegemea, mguu ule uliolegea ukalia. Akanitazama.

"Dada Siwema, kumbe hata hakikaliki!"

Tukacheka, tukacheka mpaka tukashikana mikono. Nikamwambia akae hapo hapo, naenda kutia chai.